Nusu ya Jiwe la Kusagia

Bugendana, chini ya jaa la majivu
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwako mtoto wa kike unayemwaga maji ya maharage,

Asalaam aleikum. Jina langu ni Ilyasi. Mimi ni jini, lakini usiikimbie karatasi, haiumi. Nakuandikia kulalamika.

Jana mchana ulimwaga maji ya maharage yakiwa bado yanatokota, na chini ya jaa ulilolimwagia ndiko tunakoishi mimi na mama yangu. Sikio langu la kushoto limebabuka. Mama ameungua mgongo. Utasema: majini si wameumbwa kwa moto, maji ya moto yatawafanya nini? Nami nitakuuliza: wewe umeumbwa kwa udongo, mbona tofali likikuangukia unalia?

Muyinga, alikozaliwa mama yangu, hakuna anayemwaga maji ya moto bila kutaja kwanza jina la Mungu. Tukilisikia, tunasogea. Najua ninyi mmekulia kambini Tanzania na mnasali kanisani, pengine hamkufundishwa. Basi umefundishwa leo. Litaje kwa lugha yoyote, sisi tutaelewa.

Nina miaka tisini. Kwa hesabu yetu ndiyo kwanza nabadilisha meno.

Ukitaka kujibu, weka barua juu ya majivu. Kisulisuli cha vumbi kitaichukua.

Ilyasi


Bugendana, 4 Juni 2024

Kwako Ilyasi,

Shikamoo, kwa sababu ya ile miaka tisini. Na mambo, kwa sababu ya yale meno.

Nisamehe. Mwambie mama yako anisamehe. Sikujua kama kuna mtu. Nimemuuliza babu, bila kukutaja, kama kuna ubaya kumwaga maji ya moto ovyo, akasema mama yake naye alikuwa akikataza, ila sababu hakuwahi kuisema. Tangu jana nataja jina la Mungu kwa sauti kubwa mpaka jirani kauliza kama nimeokoka upya.

Mimi naitwa Vumilia, nina miaka kumi na miwili. Tulirudi mwaka jana, mimi na babu Dominiko. Shuleni wamenirudisha nyuma darasa moja kwa sababu Kirundi changu hakijanyooka, na wenzangu wananiita Mtanzania. Nimefurahi kumpata mtu wa kuandikiana naye Kiswahili, hata kama ni wewe.

Hapa tunapoishi ni pembeni mwa shamba la baba wa babu. Shamba lenyewe, migomba, kahawa, yote mpaka bondeni, analilima jirani yetu, Longino. Anasema lilikuwa la baba yake tangu mwanzo. Tarehe 20 Agosti wazee wa kilima, maana huku kijiji huitwa kilima, wale bashingantahe, watakaa kuamua. Tukishindwa, hatuna pa kulima. Babu anasema kule kambini walau tulijua kwamba si kwetu.

Vumilia


Bugendana, 8 Juni 2024

Vumilia,

Mama amekusamehe. Mimi bado sikio linawasha.

Nataka ujue jambo kuhusu chakula chetu, usije ukadhani jini anaishi kwa hewa. Sisi tunakula mifupa. Mfupa wa nyama iliyotajiwa jina la Mungu kabla ya kuliwa, ukitupwa, kwetu unarudi kuwa na nyama tele. Usipotajiwa, ni mfupa tu, hata mbwa atakucheka. Sasa tazama bahati yetu: kwa Longino kuna mifupa bila sala, na kwenu kuna sala bila mifupa. Babu yako anaweza kuombea sahani ya muhogo mpaka ikapoa! Mama husikia, akameza mate.

Ndivyo watu wanavyotugawa bila kujua. Jini wa nyumba inayokula nyama ni tajiri, jini wa nyumba ya maharage ni maskini, na hakuna aliyechagua jaa la kuzaliwa. Mama hawezi kuhama: jini akizaa kwenye jaa, amefungwa na jaa hilo. Ila mimi naweza kwenda kutafuta.

Kesho naenda Muyinga. Pale sokoni kuna jini mkubwa, Mzee Aboubakar, ameniahidi kazi ya ukarani kwa sababu najua kuandika. Nitamletea mama mifupa. Mwangalie kwa niaba yangu. Anaweza kuandika juu ya majivu kwa kidole, ukiinama utasoma.

Babu yako namkumbuka. Mwaka ule wa 1972 walipokimbia mauaji kwenda Tanzania alikuwa na miaka tisa, na alikuwa akiogopa bata. Usimwambie kama nimesema.

Ilyasi


Bugendana, 15 Juni 2024

Ilyasi,

Nimecheka mpaka babu kauliza nina nini. Nikamwambia, "Babu, eti uliwahi kuogopa bata?" Akanigeukia. "Nani kakwambia? Wote waliokuwa wakijua wamekufa."

Hapo mimi nikapata wazo.

Ulikuwepo. Basi nisikilize. Zamani baba wa babu, mzee Bonifasi, aligombania mpaka wa shamba na baba yake Longino. Wakapatanishwa. Kama alama ya mapatano, Bonifasi alipasua jiwe la kusagia vipande viwili. Nusu moja ikazikwa mpakani, nusu ya pili ikabaki nyumbani. Siku ya ugomvi mwingine, nusu zikikutana na kushikana, neno limekwisha. Walioshuhudia wote ni marehemu.

Siku ya kukimbia, mama wa babu alikuwa anasaga uwele. Akaondoka na ile nusu kichwani. Babu anasema watu walibeba magodoro, mama yake akabeba jiwe. Amevuka nalo mpaka, limekaa kambi tatu, bibi yangu amelisagia, mama yangu amelisagia kabla hajafariki, mimi nalisagia chumvi. Miaka hamsini na miwili, Ilyasi.

Lakini babu hajui nusu ya pili ilizikwa wapi. Alikuwa mdogo, na shamba limebadilika: miti aliyoikumbuka imekatwa. Wewe uliona? Kama uliona, niambie. Tukiliweka mbele ya wazee, Longino hana la kusema.

Mama yako hajambo. Jumapili tulipata kuku mzima, zawadi ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Babu aliomba sala ndefu kuliko kawaida. Nikapeleka mifupa yote jaani, hata ile ya shingo. Jaa likatikisika kama sufuria inayochemka. Kisha mama yako akaandika juu ya majivu: "Mungu akuzidishie, binti yangu."

Vumilia


Muyinga, chini ya soko
3 Julai 2024

Kwako Vumilia,

Ahsante kwa kuku. Ahsante kwa shingo hasa, mama anaipenda.

Niache nikueleze mji huu. Juu kuna mama mmoja anaitwa Fatuma, anachoma mishikaki, hapa wanaiita burusheti. Hachomi bila bismillah, na mifupa anaitupa nyuma ya kibanda akisema, "Haya, sehemu yenu hiyo, mle wote." Anasema wote, Vumilia. Lakini mahali inapoangukia, Mzee Aboubakar amezungushia uzio, na ndani ya uzio wanaingia jamaa zake tu, wanene, wenye pete. Sisi tuliotoka vilimani tunalala upande wa machinjioni na kugombea kwato.

Kazi si ukarani. Nilipouliza, msimamizi alicheka. "Karani? We unafikiri huku ni kwenye biro ya komini, kwa wakubwa wa serikali? Panda!" Kazi ni kupanda. Tunapanda mabegani, mmoja juu ya mwenzake, mamia, mpaka wa juu kabisa afike chini ya mbingu na kutega sikio kwenye mazungumzo ya malaika. Akisikia neno, anamnong'onezea wa chini yake, naye wa chini yake, mpaka linafika kwa Aboubakar, ambaye analiuza kwa wapiga ramli. Likifika lina uongo tisini na tisa. Malaika nao hawapendi kusikilizwa. Wanatupa kimondo. Kikikugonga unaungua ukaisha. Wanaosimama chini ni wale wa ndani ya uzio. Duniani kote maskini huwekwa chini; hapa tu ndipo tumepewa nafasi ya juu.

Kuhusu jiwe, nakumbuka. Ngoja nikumbuke vizuri, nisije nikakuchimbisha bure. Nitakuandikia barua ijayo.

Ilyasi


Bugendana, 11 Julai 2024

Ilyasi,

Shuka huko. Rudi hata bila mifupa. Nimemwambia mama yako kwamba kazi ni nzuri kwa sababu sikujua niseme nini, naye ameandika, "Alikuwa na mwandiko mzuri tangu utotoni." Sasa hivi haandiki sana. Kidole kinachoka katikati ya neno.

Babu ameanza kuchimba mwenyewe. Ameomba ruhusa kwa mkuu wa kilima, anachimba kwenye mpaka kila asubuhi, shimo hapa, shimo kule. Longino huja kusimama na fimbo yake.

"Mzee Dominiko, unatafuta viazi au unatafuta baba yako?"

"Natafuta chetu."

"Kule Tanzania walikufundisha kulima mashimo?"

Watu wakacheka. Babu naye alicheka kidogo, kwa heshima, kisha akaendelea kuchimba. Mikono yake imepasuka. Ni neno moja tu nakuomba. Ni upande gani?

Vumilia


Bugendana, 29 Julai 2024

Ilyasi,

Hujajibu, lakini leo nimeelewa kwa nini: ulikuwa unafanya kazi. Asubuhi kisulisuli kilikuja kikaangusha kifurushi jaani, karatasi ya mfuko wa saruji iliyofungwa kwa kamba ya mgomba, na ndani mifupa, mingi, ya mbavu, ya miguu, bado inanukia moshi wa mkaa. Mama yako amekula mpaka ameimba. Sikuwahi kujua kama majini wanaimba. Ni kama kuni mbichi zinapoungua. Ameniandikia mstari mzima bila kupumzika: "Mwanangu ameinuliwa cheo."

Nimefurahi kwa ajili yenu. Sasa, kwa kuwa umepumua kidogo, niandikie la jiwe. Zimebaki wiki tatu.

Vumilia

Leo Longino hakuja kututania. Wanasema amesafiri Muyinga.


Muyinga, 7 Agosti 2024

Vumilia,

Kutoka pale mnapoegemeza jembe, nyuma ya nyumba yenu, hesabu hatua arobaini na nne kushuka bondeni. Utakuta kisiki cha mvumu kilichooza. Upande wa kisiki unaotazama mto, kina cha mkono mpaka kiwiko.

Sijambo. Sipandi tena.

Ilyasi


Bugendana, 12 Agosti 2024

Ilyasi,

Barua yako ilifika jana. Nilimshika babu mkono, nikamwambia nimeota. Tukahesabu pamoja. Hatua zako ni ndefu kuliko zangu na fupi kuliko zake, lakini kisiki tulikiona.

Upande unaotazama mto palikuwa na shimo. Udongo bado mbichi. Chini kabisa, kwenye tope lililokauka, jiwe lilikuwa limeacha umbo lake: upande mmoja duara, upande mwingine umevunjika kwa meno meno. Babu alirudi nyumbani, akaleta nusu yetu, akalala kifudifudi na kuishusha shimoni kwa mikono miwili. Meno yakaingia. Yakaingia yote, Ilyasi, kwenye tope. Akakaa hivyo, amelala, mpaka jua likamchoma mgongo.

Jioni mke wa Longino, mama Gaudensia, alikuwa kisimani na mwenzake. Hakuniona.

"Muyinga kuna mtaalamu, jamani, anajua mpaka kilicho chini ya ardhi! Alimwambia mume wangu hatua ngapi na kisiki gani."

"Akamwambia ni nini kilichomo?"

"Jiwe. Saa hizi liko mtoni Ruvubu, samaki wasagie."

Hatua ngapi na kisiki gani. Baba yake Longino hakumwonyesha, maana angekuwa amelitoa zamani. Babu alikuwa hajui. Mimi nilikuwa sijui. Alijua nani?

Niandikie kwamba ni mwingine. Niandikie kwamba chini ya jaa lingine kulikuwa na jini mwingine aliyeona. Nitaamini.

Vumilia


Muyinga, 16 Agosti 2024

Vumilia,

Hakuna jini mwingine. Ni mimi.

Barua zote zinazofika sokoni husomwa kwanza na watu wa Aboubakar. Yako ya tarehe 15 Juni aliisoma mwenyewe. Katikati ya Julai akaniita, akanikalisha kwenye mkeka, mimi niliyekuwa sijawahi kukalishwa. Akauliza kama ninajua lilipo. Nikasema sijui. Siku ya pili akaniuliza tena, nikasema sijui. Siku ya tatu aliyekuwa amesimama juu yangu, msichana kutoka Ryansoro, aligongwa na kimondo. Majivu yake yaliniangukia kichwani. Msimamizi akapiga kelele, "Wa pili, panda juu!" Wa pili ni mimi.

Nikashuka, nikaenda kwenye mkeka, nikasema ninajua. Akaniahidi sitapanda tena, na mama atapata kifurushi kila wiki. Longino alipofika kwa mpiga ramli, neno lilikuwa linamsubiri.

Usije ukadhani nimekuandikia hivi ili unihurumie. Hakuna aliyenikaba koo. Ningeweza kukuandikia wewe kwanza. Nilikuwa na siku nzima, na kisulisuli kilikuwepo. Badala yake nilikaa nikahesabu. Nikasema, wao ni watu, wana mikono, watalima kwingine. Mama yangu amefungwa na jaa. Nikasema, nitawaambia baadaye, wakiwahi wamewahi. Nilipokuandikia tarehe saba nilijua tayari shimo ni tupu. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma kuliko nyingine.

Ushahidi wa jini haupokelewi mbele ya wazee. Ungepokelewa, ningekuja.

Kifurushi cha kwanza kilikuwa cha mbavu. Cha pili kilikuwa cha kwato. Cha tatu hakijatumwa. Nimeuliza, wakaniambia siri ikishauzwa haina thamani tena. Jumatatu nimeitwa kupanda. Nafasi yangu ni ya juu.

Nakuomba moja, ingawa sistahili. Usimwambie mama mifupa ile ilitoka wapi.

Ilyasi


Bugendana, 24 Agosti 2024

Ilyasi,

Kama bado upo.

Jumanne wazee walikaa. Babu alivaa koti alilonunua Kasulu, akaweka nusu yetu katikati, juu ya jani la mgomba. Akaeleza kila kitu kwa utaratibu, majina, miaka, kambi. Longino akasema, "Waheshimiwa, kila nyumba ina jiwe. Mkitaka nami nitaleta la kwangu." Watu wakacheka tena, lakini mzee mmoja hakucheka, aliligeuza jiwe mara mbili na kupapasa yale meno kwa kidole gumba. Tukawapeleka shimoni. Longino alikuwa amewahi kulimwagia shimo maji na kulijaza udongo. Yule mzee akasema, "Dominiko, moyo wangu unakuamini. Lakini hatuamui kwa moyo." Shamba ni la Longino. Sisi tumeachiwa hapa pembeni, nyumba na jaa na mistari sita ya maharage. Babu aliwashukuru mmoja mmoja kwa mkono.

Tulipofika nyumbani aliniuliza.

"Vumilia, habari ya jiwe tulikuwa nayo wawili. Ulimwambia nani?"

Ilyasi, mimi ndiye niliyeulizwa hivyo. Wewe hukuulizwa. Nilisema, "Rafiki yangu. Nilimwandikia."

"Rafiki huyo ana shamba?"

"Hana."

"Alikuwa na njaa?"

"Ndiyo, babu. Yeye na mama yake."

Akalitua jiwe. Akasema, "Walionisaliti mwaka ule walikuwa wameshiba. Nilijua namna ya kuwachukia, na chuki hiyo imenisaidia kutembea miaka hamsini. Huyu amenichukulia hata hiyo." Kisha akaniambia nikalale, ingawa jua lilikuwa bado halijatua. Tangu siku ile ananiita mjukuu wangu kama zamani, ananigawia chakula kama zamani, ila akitaka kusema jambo la maana husita kidogo, ananitazama, halafu anasema jambo lingine.

Leo asubuhi mama yako aliniita. Aliandika kwa herufi kubwa, ana nguvu sasa, uso wa jaa wote ulijaa maneno. Ameuliza vifurushi vimekoma kwa nini. Ameuliza ile mifupa ya kwanza, minono vile, uliipata wapi.

Nilikuwa na barua yako mkononi. Ningemsomea mstari kwa mstari, kwa sauti. Nilitaka, nisikufiche. Nilifungua mdomo.

Nikamwambia umeipata kwa kalamu. Nikasema wewe ni karani mkuu wa soko lote la Muyinga, na kwamba umepelekwa safari ndefu ya kazi, na kwamba wakubwa wako hawaruhusu barua. Maneno yalikuja yenyewe, moja baada ya lingine, yamenyooka, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Sasa najua ulivyokuwa ulipoandika zile hatua arobaini na nne. Sikuwa najua. Umenifundisha.

Akaandika: "Nilijua mwanangu ni mwaminifu."

Niliyasoma mara mbili. Kisha nikasikia babu anakuja na fimbo yake, nikapiga magoti, nikayafuta kwa mkono mpaka majivu yakawa sawa.

Vumilia